Uwekezaji wa mifuko ya wakfu na taasisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wajumbe wa kamati za uwekezaji, hasa wapya: mwanasheria, daktari au mwalimu mstaafu aliyeombwa kuketi kwenye kamati kwa sababu ya uadilifu wake zaidi kuliko ujuzi wake wa masoko. Wengi huanza kwa kuuliza soko linaelekea wapi. Hapa swali hilo tumeliweka la nne, kwa makusudi.

Mfuko wa wakfu unatofautianaje na mfuko wa pensheni au kampuni ya bima?

Wote huitwa wawekezaji taasisi, lakini madeni yao hayafanani. Mfuko wa pensheni una wanachama wenye umri unaojulikana na mafao yanayokadirika. Kampuni ya bima ina madai ya kulipa. Mfuko wa wakfu kwa kawaida haudaiwi na mtu yeyote kwa tarehe maalumu, ila kuna chuo, hospitali au shirika linaloutegemea mwaka hadi mwaka, bila kikomo. Mwanauchumi James Tobin aliliweka wazi jambo hili mwaka 1974: wadhamini wana kazi ya kulinda haki ya kizazi kijacho dhidi ya madai ya kizazi kilichopo. Sheria ya Kiislamu ya wakfu ilikwisha kusimama hapo karne nyingi kabla yake: mali ya asili huzuiwa, matunda yake hutolewa.

Lakini msikimbilie kusema “sisi ni wa milele, tunaweza kuvumilia lolote.” Jiulizeni kwanza mfuko unabeba sehemu gani ya bajeti. Taasisi inayopata asilimia 5 ya bajeti yake kutoka kwenye mfuko na nyingine inayopata asilimia 40 ni wawekezaji wawili tofauti kabisa, hata kama mifuko yao ina ukubwa uleule.

Tutoe kiasi gani kila mwaka?

Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote, na ndio unaopewa dakika chache zaidi kikaoni. Vyuo vikuu vingi vya Marekani hutoa kati ya asilimia 4 na 5 ya thamani ya mfuko. Wakfu binafsi za nchi hiyo hulazimika kisheria kutoa takriban asilimia 5. Norway ilijiwekea kanuni mwaka 2001 ya kutumia, kwa wastani, asilimia 4 ya mfuko wake wa mapato ya mafuta. Mwaka 2017 ikaishusha hadi asilimia 3 kwa sababu matarajio ya faida yalikuwa yamepungua. Mwaka huohuo iliamua kupandisha sehemu ya hisa kutoka asilimia 62.5 hadi 70, na bado ikapunguza matumizi. Kamati nyingi hufanya kinyume: hupandisha hatari ili zisiguse matumizi.

Baada ya kiwango, kuna kanuni ya ukokotoaji. Tuseme mfuko ni milioni 100 na mwaka jana mlitoa milioni 5. Soko likianguka, mfuko ukabaki milioni 75, kanuni ya “asilimia 5 ya thamani ya leo” inawapa milioni 3.75. Hapo mmekata robo ya bajeti katika mwaka ambao wanafunzi wanahitaji msaada zaidi. Mkitumia wastani wa thamani ya miaka mitatu, mfano 95, 100 na 75, mnapata milioni 4.5. Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani hutumia mchanganyiko: asilimia 80 ya uzito inatoka kwenye matumizi ya mwaka uliopita yaliyorekebishwa kwa mfumuko wa bei, na asilimia 20 inatoka kwenye kiwango cha muda mrefu kikizidishwa na thamani ya mfuko. Kwa mfumuko wa bei wa asilimia 3 na kiwango cha asilimia 5, mfano wetu ungetoa takriban milioni 4.87.

Bajeti inapumua vizuri hapo. Ila hasara haijapotea: mnatoa karibu asilimia 6.5 ya mfuko uliokwisha kuumia, na soko lisiporudi mapema mtakuwa mnakula mtaji. Ndiyo maana kanuni ya kulainisha matumizi inahitaji dari, kwa mfano matumizi yasizidi asilimia 6 ya thamani ya sasa hata kanuni ikisema vinginevyo. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, kutoa zaidi ya asilimia 7 huchukuliwa kisheria kuwa dalili ya kukosa busara, mpaka wadhamini wathibitishe vinginevyo.

Basi tunahitaji faida ya kiasi gani?

Jumlisheni: matumizi asilimia 4.5, mfumuko wa bei asilimia 3, gharama asilimia 0.5. Mnahitaji asilimia 8 kwa mwaka ili kubaki mlipo tu. Tena mfumuko unaowahusu ni ule wa bajeti yenu, ambayo sehemu kubwa ni mishahara, na kwa miaka mingi unaweza kupanda haraka kuliko bei za kawaida.

Sawa, sasa mtazamo wa soko kwa miaka ijayo ukoje?

Kwa mwaka mmoja ujao hakuna anayejua, na anayesema anajua ana bidhaa ya kuuza. Kwa miaka kumi kuna mambo machache yanayoweza kusemwa bila aibu.

Hatifungani, yaani mikopo ambayo wawekezaji huzipa serikali au kampuni kwa riba, ndizo rahisi kukadiria. Faida ya miaka kumi ya hatifungani bora za serikali hukaribia sana riba mliyonunulia. Mwanzoni mwa 2022 hatifungani ya Marekani ya miaka kumi ilikuwa ikilipa takriban asilimia 1.5, hakuna ustadi wa meneja ambao ungeigeuza hiyo kuwa asilimia 5. Riba zilipopanda, bei ziliumia, lakini anayenunua baada ya hapo anaanzia mahali pazuri zaidi.

Hisa hukadiriwa kwa vipande vitatu: gawio, ukuaji wa faida za kampuni, na mabadiliko ya bei ambayo watu wako tayari kulipa kwa kila shilingi, dola au yuro ya faida hiyo. Viwili vya kwanza hutembea polepole. Cha tatu ndicho huleta furaha na kilio. Aliyenunua hisa za faharisi (orodha ya kampuni za kupimia soko, hapa kampuni kubwa 500 za Marekani) ya S&P 500 mwishoni mwa 1999 alimaliza miaka kumi akiwa na hasara hata baada ya kuhesabu gawio. Kampuni zile hazikusimama kufanya kazi. Bei ya kuanzia ndiyo ilikuwa juu mno.

Jambo la kuangalia kwa makini sasa ni msongamano. Kampuni kumi kubwa zimefikia zaidi ya theluthi ya thamani ya S&P 500, nyingi zikiwa za teknolojia. Kwa hiyo mfuko wa faharisi unaodhani umetawanya fedha katika kampuni 500 una dau kubwa upande mmoja. Hilo halimaanishi zitaanguka kesho. Japani mwaka 1989 ilikuwa na zaidi ya theluthi moja ya thamani ya hisa za nchi tajiri duniani. Faharisi ya Nikkei ilifika kilele Desemba mwaka huo, na haikukivuka mpaka Februari 2024. Anayewaambia mfute hisa zilizo nje ya Marekani kwa sababu zimechelewa kupanda aulizwe kuhusu Japani.

Utabiri huu utumieni kupima kama kiwango cha matumizi kinawezekana. Kuutumia kuingia na kutoka sokoni ni kazi nyingine, na rekodi ya wanaoijaribu si nzuri.

Ni kweli kwamba mgawanyo wa mali huamua asilimia 90 ya faida?

Si hivyo utafiti ulivyosema. Watafiti Brinson, Hood na Beebower walichunguza mwaka 1986 mifuko mikubwa 91 ya pensheni ya Marekani na kukuta kuwa sera ya mgawanyo (kiasi gani kiwe hisa, hatifungani na mali nyingine) inaeleza, kwa wastani, asilimia 93.6 ya kupanda na kushuka kwa faida ya mfuko kadiri muda unavyokwenda. Hiyo ni kuhusu mtikisiko wa mfuko mmoja. Mwaka 2000 Ibbotson na Kaplan waliuliza swali ambalo wadhamini hudhani limejibiwa: tofauti kati ya mfuko mmoja na mwingine inatokana na sera kwa kiasi gani? Wakapata karibu asilimia 40. Iliyobaki ni uteuzi wa mameneja, muda na gharama.

Mgawanyo bado ni wa kwanza kuamuliwa, kwa sababu ndio mlionao mkononi.

Hatifungani zilituangusha mwaka 2022. Tuachane nazo?

Mwaka huo hisa za Marekani zilipoteza takriban asilimia 18 na hatifungani za nchi hiyo kwa ujumla asilimia 13, kwa wakati mmoja. Waliozoea kuona kimoja kikishuka kingine kikipanda walishtuka. Chanzo kinaeleweka. Mshtuko wa kudorora kwa uchumi hushusha riba na kuzinufaisha hatifungani. Mshtuko wa mfumuko wa bei hupandisha riba na kuumiza vyote viwili. Benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi asilimia 5.25–5.50 kufikia Julai 2023.

Hatifungani zina kazi mbili: kulipa matumizi wakati hisa zimeanguka, na kuwapa cha kuuza ili mnunue hisa kwa bei ya chini. Kwa kazi hizo, za muda mfupi na wa kati zinatosha. Kama hofu yenu ni mfumuko wa bei, kuna hatifungani ambazo thamani yake hupandishwa sambamba na bei za bidhaa, kuna miundombinu yenye tozo zinazofuata mfumuko, na kuna hisa zenyewe kwa muda mrefu. Hakuna kinachokinga kila kitu.

Je, tuige Yale?

Swali hili haliishi, na haliwezi kujibiwa kwa neno moja.

David Swensen alichukua usimamizi wa mfuko wa Yale mwaka 1985 ukiwa na takriban dola bilioni 1.3, sehemu kubwa ikiwa hisa na hatifungani za Marekani. Alipofariki Mei 2021 mfuko ulikuwa umevuka dola bilioni 30, baada ya kuchangia bajeti ya chuo miaka yote hiyo. Alihamisha fedha kwenda kwenye mitaji ya kampuni changa, ununuzi wa kampuni zisizo sokoni, mifuko ya heji (mifuko ya wawekezaji wachache inayotumia mbinu ngumu na mara nyingi mikopo), ardhi na misitu. Hoja yake ilikuwa kwamba anayekaa miaka mingi asilipie uwezo wa kuuza kesho, maana hauhitaji. Na kwamba meneja mahiri huonekana zaidi pale ambapo taarifa ni chache.

Walioiga waliona mgawanyo wakadhani ndiyo siri. Yale ilikuwa na vitu ambavyo havinunuliwi kwa kunakili jedwali: timu ya kudumu, miongo ya uhusiano na mameneja bora kabla hawajajulikana, na jina lililowafungulia milango iliyofungwa kwa wengine. Katika mitaji binafsi, yaani hiyo ya kampuni zisizo sokoni, pengo kati ya meneja mzuri na wa kawaida ni kubwa mno, na wa kawaida, baada ya ada, mara nyingi hashindi hisa za sokoni. Swensen mwenyewe aliwashauri wasio na timu kama yake wanunue mifuko ya faharisi yenye gharama ndogo. Ushauri huo haukupata mashabiki wengi kwenye kamati, nadhani kwa sababu haumpi mtu cha kusimulia.

Zaidi ya hayo, kundi hilo la mali sasa limejaa fedha. Riba zilipopanda, kampuni zilizonunuliwa kwa mikopo nafuu zimekuwa ngumu kuuza, na marejesho kwa wawekezaji yamechelewa. Mwaka 2025 Yale yenyewe iliingia sokoni kuuza sehemu ya mali zake za mitaji binafsi kwa wawekezaji wengine. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria inayopandisha kodi ya mapato ya uwekezaji ya vyuo vyenye mifuko minono kwa kila mwanafunzi, kutoka asilimia 1.4 hadi kiwango cha juu cha asilimia 8. Mfano wa Yale ulijengwa katika mazingira mengine.

Kama mfuko wenu hauna mtu hata mmoja wa kudumu anayechunguza mameneja, jibu langu ni hapana. Kama mnaye, anzeni kidogo, mtawanye ahadi za mtaji (fedha mnazoahidi ambazo meneja huziita baadaye) kwa miaka sita au saba, na mkubali kwamba matunda yatachelewa kuonekana.

Ukwasi (fedha taslimu na mali inayouzika haraka) wa kutosha ni kiasi gani?

Chukueni mfuko wa milioni 100: 50 katika mifuko ya mitaji binafsi, 50 katika hisa na hatifungani zinazouzika, na ahadi za mtaji ambazo bado hazijaitwa milioni 30. Soko linashuka na zile zinazouzika zinabaki 35. Mitaji binafsi bado inasomeka 50, kwa sababu tathmini zake huchelewa kwa miezi. Kisha mameneja wanaita milioni 10 ya ahadi, taasisi inahitaji milioni 5, na marejesho yamekauka. Sasa kinachouzika ni 20, kisichouzika ni 60. Bila kuamua lolote, mmehama kutoka nusu kwa nusu hadi robo tatu ya mfuko kufungwa, na hisa mmeziuza kwa bei ya chini kabisa.

Harvard ilionja hali ya namna hiyo. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2009 mfuko wake ulipata hasara ya asilimia 27.3. Kilichouma zaidi ni kwamba fedha za uendeshaji wa chuo nazo zilikuwa zimewekezwa pamoja na mfuko, na kulikuwa na mikataba ya kubadilishana riba iliyodai dhamana ya ziada. Chuo kiliuza hatifungani za dola bilioni 2.5 kujipatia fedha, kikalipa karibu dola milioni 500 kujitoa kwenye mikataba hiyo, na kusimamisha ujenzi wake mkubwa katika eneo la Allston. Chuo tajiri kuliko vyote duniani kilikosa fedha taslimu.

Mifuko ya pensheni ya Uingereza ilipita njia hiyohiyo Septemba 2022. Ilikuwa imetumia mikataba yenye mkopo ndani yake ili kulinganisha mali na madeni. Bajeti ndogo ya serikali iliyotangazwa tarehe 23 ilirusha juu riba za hatifungani ndefu, dhamana za ziada zikadaiwa kwa saa, mifuko ikauza hatifungani ili kulipa, na kuuza huko kukashusha bei zaidi. Tarehe 28 Benki Kuu ya Uingereza iliingia ikisema iko tayari kununua hadi pauni bilioni 65. Mwishowe ilinunua takriban bilioni 19. Wengi wa waliobanwa siku zile hawakuwa wamefilisika. Walikosa fedha za kulipa siku hiyo.

Kipimo cha kuanzia: fedha taslimu na hatifungani fupi zitoshe matumizi ya miaka miwili pamoja na ahadi za mtaji zinazotarajiwa kuitwa katika kipindi hicho, bila kutegemea rejesho lolote. Fedha za mishahara ya mwezi ujao zisiingie kwenye mfuko kamwe.

Gharama zina uzito gani?

Milioni 100 zikikua kwa asilimia 7 kwa miaka 25 zinakuwa karibu milioni 543. Kwa asilimia 6, milioni 429. Asilimia moja imekula zaidi ya mtaji mlioanza nao.

Mfuko wa Norway, mkubwa kuliko yote ya aina yake duniani, huendeshwa kwa gharama isiyofika asilimia 0.05 ya mali kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Ada ya jadi ya mifuko ya heji ni asilimia 2 ya mali na 20 ya faida. CalPERS, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa California, uliachana na mpango wake wa mifuko ya heji wenye takriban dola bilioni 4 mwaka 2014, ukitaja ugumu na gharama zake. Ada kubwa inaweza kustahili. Anayeilipa awe na namba za kuonyesha kwa nini.

Tuurudishe lini uwiano wa mali mahali pake?

Wekeni mipaka, mfano hisa asilimia 60 na ruhusa ya kupanda au kushuka pointi 5, na mkaguzi wa ndani apewe kazi ya kupaza sauti mpaka ukivukwa. Norway ilikuwa katikati ya kupandisha hisa kutoka asilimia 40 hadi 60 mgogoro wa 2008 ulipoanza. Mfuko ulipoteza asilimia 23.3 mwaka huo, ukaendelea kununua, na mwaka 2009 ukapata asilimia 25.6. Bunge lilikuwa limekwisha kuamua, hivyo hakuna aliyehitaji kuwa jasiri.

Mfadhili ametupa hisa za kampuni moja. Tuziuze?

Ndiyo, kwa ratiba iliyoandikwa, isipokuwa hati ya zawadi inakataza. Wellcome Trust ya Uingereza ilirithi kampuni nzima ya dawa kutoka kwa mwanzilishi wake aliyefariki mwaka 1936. Ilianza kuuza hisa mwaka 1986, ikauza nyingine 1992, na zilizobaki zikaenda kwa kampuni ya dawa ya Glaxo mwaka 1995. Leo ni miongoni mwa wakfu kubwa za utafiti wa afya duniani, ikitegemea mali zilizotawanywa.

Meneja amefanya vibaya miaka mitatu. Tumwondoe?

Angalieni kwanza kama kilichobadilika ni matokeo au ni watu na namna ya kufanya kazi. Utafiti wa Goyal na Wahal wa mwaka 2008, uliohusu takriban mifuko 3,400 ya Marekani, ulikuta kwamba waliofukuzwa, kama wangebaki, wasingefanya vibaya kuliko walioajiriwa badala yao. Lakini kuna sababu za kuondoka leoleo bila kungoja takwimu: mkaguzi wa hesabu asiyejulikana, faida laini isiyoshuka kamwe, au meneja anayetunza mali mwenyewe badala ya benki huru. Hayo yote matatu yalikuwepo kwa Bernard Madoff, tapeli wa uwekezaji wa Marekani aliyekamatwa Desemba 2008, na kuna wakfu zilizofunga milango kwa sababu yake.

Na dhahabu? Na sarafu za kidijitali?

Dhahabu hailipi riba wala gawio. Kilele chake cha Januari 1980 hakikufikiwa tena kwa dola mpaka mwaka 2008. Asilimia chache haziui mfuko. Bitcoin ilipoteza zaidi ya asilimia 70 kati ya Novemba 2021 na Novemba 2022. Anayeitaka kwenye mfuko wa wakfu aeleze kwa maandishi itapunguzwa lini ikipanda, maana hilo ndilo huwashinda watu.

Sera ya uwekezaji iandike nini, na kamati ikutane mara ngapi?

Kurasa nne au tano zinatosha: lengo la mfuko, kanuni ya matumizi na dari yake, mgawanyo na mipaka yake, kiwango cha chini cha ukwasi, kigezo cha kupimia kila kundi la mali, mali zisizoruhusiwa kwa sababu za kimaadili, nani anaamua nini, na mgongano wa masilahi unashughulikiwaje. Mjumbe ambaye kampuni yake inauza huduma za uwekezaji asipige kura juu ya huduma hizo, hata kama ndiye anayezijua zaidi.

Vikao vinne kwa mwaka vinatosha. Ajenda ya kwanza iwe ratiba ya fedha zitakazoingia na kutoka kwa miezi 18 ijayo, ya pili ulinganisho wa mgawanyo halisi na ule wa sera. Wasilisho la mtaalamu kuhusu mwelekeo wa soko liwekwe mwisho, na muda ukiisha kabla ya kulifikia, wajumbe wapelekewe wakalisome wenyewe.